Kabla ya kusema mtoto ameshindikana: tiba ya tabia inavyofanya kazi

Neno "ameshindikana" husemwa mapema mno. Mtoto wa miaka 6 anarusha sahani, anamng'ata mdogo wake, kila wiki mzazi anaitwa shuleni. Mwishowe anapelekwa kwa mtaalamu kama redio inavyopelekwa kwa fundi: mzazi anaeleza ubovu, anamwacha hapo, anauliza aje kumchukua saa ngapi. Tiba nyingi hukwama hapohapo. Kwa watoto wa miaka 3 hadi 10 hivi, tiba iliyothibitishwa zaidi kwa ukaidi, hasira na ugomvi ni ile inayomfundisha mzazi au mlezi. Mtoto huja, hucheza, hutazamwa. Katika baadhi ya programu haji kabisa. Mzazi asiposikia hivyo mapema, hudhani analaumiwa, na kikao cha pili haonekani tena. Halaumiwi. Mtaalamu anakaa na mtoto saa moja kwa wiki, wewe unakaa naye asubuhi, jioni na usiku. Anayeweza kubadilisha kinachotokea saa hizo zote ni wewe.

Lini ni utundu, lini ni tatizo

Mtoto wa miaka 2 kujigaragaza sokoni si ugonjwa. Wa miaka 4 kusema "sitaki" kutwa nzima si ugonjwa pia. Mtaalamu huangalia umri, muda, mahali na madhara, vyote kwa pamoja. Katika mwongozo wa Marekani ambao madaktari wengi wa afya ya akili wa kwetu nao wanautumia, ukaidi huitwa tatizo pale dalili 4 au zaidi kati ya 8 zinapodumu miezi 6: kupandwa na hasira upesi, kukereka kwa jambo dogo, kuwa na kinyongo muda mwingi, kubishana na wakubwa, kukataa maagizo waziwazi, kuchokoza watu kwa makusudi, kuwasingizia wengine makosa yake, na kulipiza kisasi. Kuna kipengele ambacho wazazi wengi hawajakisikia: ugomvi na ndugu zake peke yake hautoshi. Lazima awepo angalau mtu mmoja mwingine anayefanyiwa hayo, awe mzazi, mwalimu au jirani.

Tatizo zito zaidi ni lile la kuvunja haki za wengine: kupiga watu kwa silaha, kutesa wanyama, kuiba, kuchoma vitu moto, kutoroka nyumbani usiku, utoro wa shule ulioanza kabla ya miaka 13. Hapo orodha ina mambo 15, na matatu ndani ya miezi 12 yanatosha kumpeleka mtoto hospitali bila kusubiri.

Halafu kuna mtoto asiyetulia, anayeanza kila kitu na hamalizi hata kimoja, anayejibu kabla swali halijaisha. Kwenye faili madaktari huandika ADHD. Ili liitwe hivyo, dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12 na zionekane sehemu mbili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni. Sharti hili la sehemu mbili lina kazi kubwa. Kama mwalimu analalamika lakini nyumbani, madrasa na kwa bibi yake mtoto yuko sawa, chunguza shule kwanza: huenda haoni ubaoni, hajui kusoma na anaficha, au anaonewa njiani. Kama ni nyumbani tu, chunguza nyumba.

Mtaalamu anaweza kukupa dodoso la SDQ, lililotungwa na Robert Goodman wa Uingereza mwaka 1997. Lina sentensi 25 na lina tafsiri ya Kiswahili. Unajaza wewe, mwalimu anajaza lake, kisha yanalinganishwa. Halitoi jina la ugonjwa. Linaonyesha pa kuchimba. Jaza ukweli. Wazazi wengine hupunguza makali kwa aibu, wengine huzidisha ili wasaidiwe haraka, na yote mawili humpoteza mtaalamu.

Mtoto aliyebadilika ghafla ni habari nyingine. Alikuwa mpole, ndani ya wiki 3 amekuwa mkali, ameanza tena kukojoa kitandani, hataki kubaki na mtu fulani au kwenda mahali fulani. Hapo usianze na nidhamu. Uliza kwa utulivu nini kimetokea, na uwe tayari kusikia kifo, kuonewa au kunajisiwa. Kama ni ukatili, namba 116 ni ya simu ya watoto, bila malipo, Tanzania na Kenya. Kama ni ukatili wa kingono, nenda hospitali kabla ya saa 72 kuisha, kwa sababu dawa za kuzuia VVU baada ya tukio hazifai tena baada ya hapo. Usimwogeshe kwanza, wala usifue nguo alizokuwa amevaa.

Anza na mwili

Mtaalamu makini hataanza na tabia kabla hajauliza habari za mwili, na wewe unaweza kumtangulia. "Hasikii" wakati mwingine ni kweli hasikii: mtoto aliyewahi kutoka usaha masikioni mara kwa mara apimwe masikio. Mtoto anayekoroma usiku na kulala mdomo wazi huenda ana nyama za pua au mafindofindo makubwa. Halali vizuri, na mtoto aliyekosa usingizi halegei kama mtu mzima, huchangamka na kuwa mkorofi. Upungufu wa damu humfanya awe na kisirani na asiweze kukaza fikra. Kwa mwenye selimundu (siko seli), kiharusi kidogo kisicho na dalili za wazi kinaweza kuharibu umakini, na darasani akaitwa mvivu.

Kifafa nacho hujificha. Mtoto anakatika katikati ya sentensi, anaduwaa sekunde 5 au 10, kope zinapepesa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu anaona dharau. Mara 20 kwa siku, hawezi kufuata somo lolote. Ukimwona hivyo, mrekodi kwa simu umwonyeshe daktari. Video ya sekunde 15 ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

Na kuna hili ambalo halisemwi vya kutosha: fenobabitoni, dawa ya kifafa inayogawiwa sana kwenye vituo vyetu vya afya, huwafanya baadhi ya watoto wawe watukutu na wenye hasira kupita kiasi. Kama utukutu ulianza wiki chache baada ya dawa hiyo, rudi kliniki useme. Usiikatishe mwenyewe, kwa sababu kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Daktari atampunguzia taratibu huku akianzisha nyingine.

Mtoto wa miaka 2 ambaye bado haunganishi maneno mawili, naye apimwe masikio na matamshi. Asiyeweza kusema "nipe maji" atalia, atapiga, atavuta nywele. Akipata maneno, sehemu ya fujo huondoka yenyewe.

Nani wa kumwona, na wapi

Wanaoitwa "wataalamu wa akili" hawafanyi kazi moja. Daktari wa afya ya akili amesomea udaktari kwanza na anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa. Kazi yake ni kupima na kutibu kwa vikao. Mshauri nasaha anaweza kuwa na shahada au cheti cha miezi michache, kwa hiyo uliza. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo husaidia mtoto anayesumbuliwa na kelele, miguso na mwendo. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya hatibu, lakini ndiye anayejua huduma zilizopo, na ndiye wa kumwendea nyumba inapokuwa na ukatili.

Njia ya kawaida ni kuanza kituo cha afya au hospitali ya wilaya na kutoka na barua ya rufaa, maana bila barua unaweza kurudishwa mlangoni au bima ikakataa kulipa. Tanzania, idara za afya ya akili zenye uzoefu ziko Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza. Kenya kuna Mathari na Kenyatta jijini Nairobi, na hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Kampala, Butabika ina wodi ya watoto. Kwa Kenya vilevile kuna vituo vya serikali vya kupima mahitaji ya elimu ya watoto, vilivyoanza mwaka 1984. Mtoto anayeshindwa darasani aanzie huko. Sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inataka washauri na wanasaikolojia wasajiliwe na bodi yao, kwa hiyo kuomba namba ya usajili si utovu wa adabu.

Usilipe kabla hujauliza. Swali la kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko yote: mimi nitakuwemo kwenye vikao? Kwa mtoto wa chini ya miaka 10 mwenye fujo, jibu likiwa "hapana, mwachie tu", tafuta kwingine. Mtoto wa miaka 6 kufungiwa na mshauri miezi mitatu "wakizungumza", huku wewe huambiwi cha kufanya nyumbani, ni pesa inayopotea. Kisha uliza: mnafuata mpango gani, na una vikao vingapi? Mipango mingi ya kufundisha wazazi huwa na vikao kati ya 8 na 16, kimoja kwa wiki, dakika 45 hadi 90. Tutajuaje kama inafanya kazi? Jibu zuri lina kitu cha kuhesabu: mara ngapi anapiga kwa wiki, hasira inachukua dakika ngapi. Nitapewa kazi ya kufanya nyumbani? Asiyetoa kazi ya nyumbani hafanyi tiba hii.

Ondoka ukiona haya: ahadi kwamba atapona kabisa, jina la ugonjwa lililotolewa kwa dakika 10 bila kuuliza habari za shule, malipo ya miezi sita kwa mkupuo, na popote wanapopiga, kufunga kamba, kunyima chakula au kumtenga mtoto na familia. Kambi za nidhamu ziogope hata zikiwa na jina zuri. Vijana wenye makosa wakikusanywa pamoja bila uangalizi mzuri hufundishana makosa. Hata ile desturi ya kumpeleka mtoto kituo cha polisi "akatishwe kidogo" imekwisha kupimwa. Marekani walikuwa na programu za kuwapeleka vijana magerezani wakatishwe na wafungwa, na tafiti zilipokusanywa zikaonyesha kwamba waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko ambao hawakupelekwa.

Wengi huanzia kwa mchungaji, sheikh au mganga. Sala na dua hazigombani na kliniki, na kiongozi wa dini anayeheshimika anaweza kuwa ndiye atakayemshawishi baba aje kwenye kikao. Mpaka ni mmoja: asiamuru mtoto aache dawa ya kifafa, asimlazimishe kufunga kula, asimpige.

Kinachofanyika kwenye vikao

Kuanzia miaka ya 1960 huko Oregon, Marekani, mwanasaikolojia Gerald Patterson na wenzake walikwenda majumbani kutazama familia zenye watoto wakorofi na kuandika kila tendo na kila jibu. Waligundua mtego. Mama anasema "kaoge". Mtoto anapiga kelele. Mama, aliyechoka na mboga iko jikoni, anaacha. Kelele zikanyamaza. Mtoto amejifunza kwamba kelele huondoa amri, na mama amejifunza kwamba kuacha huleta amani. Kesho yake mama anafoka mpaka sauti inakauka, mtoto anaenda kuoga; sasa mama amejifunza kwamba kufoka ndiko kunakofanya kazi. Kila upande unamlipa mwenzake kwa kitu kibaya, na kila wiki sauti zinapanda. Tiba ni kuutegua mtego huo.

Huanza na daftari. Kwa wiki moja andika kila fujo kwa safu tatu: nini kilitangulia, alifanya nini hasa, nini kilifuata. "Alikuwa jeuri" haitoshi. Andika "saa 12:20 jioni, nilizima tivii, alinipiga teke mbili, nikaiwasha tena". Baada ya siku saba mara nyingi mpangilio unajitokeza. Ukikuta ugomvi mwingi uko kati ya saa 11 na saa 1 jioni, kabla ya chakula, kiazi au ndizi ya saa 10:30 inaweza kuondoa sehemu ya tatizo bila tiba nyingine. Safu ya tatu ndiyo yenye siri, maana ndiyo inayoonyesha tabia hiyo inamnufaisha nini.

Hatua ya pili huwashangaza wazazi: mchezo wa dakika 5 kila siku. Katika tiba aliyoiasisi mwanasaikolojia Sheila Eyberg miaka ya 1970, mzazi huvaa kifaa sikioni na mtaalamu humwelekeza kutoka nyuma ya kioo. Hospitali isiyo na kioo, mtaalamu anaweza kukaa nyuma yako akunong'oneze. Kinachochezewa kisiwe ghali: vizibo vya soda, udongo wa mfinyanzi, penseli na karatasi. Mtoto ndiye kiongozi. Wewe unafanya mambo matatu tu: unasema anachofanya, unarudia anachosema, unamsifu kwa jambo mahususi.

Mtoto anapanga vizibo. Mzazi wa kwetu atauliza: "Hiki rangi gani? Viko vingapi?" Swali ni mtihani, na mtihani unamnyang'anya uongozi. Sema: "Umeweka chekundu juu ya kijani." Mtoto: "Najenga ghorofa." Wewe: "Unajenga ghorofa. Nimependa unavyoviweka taratibu." Akivirusha, geuza uso, shika chako ucheze peke yako, akivirudia kwa utulivu, mrudie papo hapo. Kipimo cha Eyberg cha kufuzu hatua hii kwa dakika 5 ni sifa mahususi 10, maelezo 10 ya anachofanya, kurudia maneno yake mara 10, huku maswali, amri na lawama kwa jumla visizidi 3. Jaribu leo na simu ikurekodi. Watu wengi hutoa maswali 15 bila kujijua.

Hapa hupotea wengi kwa sababu mbili. Ya kwanza, hufuta mchezo kuwa adhabu: "Leo umepiga mtu, hatuchezi." Mchezo huu ni tiba yenyewe, siku aliyofanya vibaya ndiyo anaouhitaji zaidi. Ya pili, sifa yenye mwiba: "Umefagia vizuri, sijui jana ulishindwa nini." Nusu ya mwisho inafuta ya kwanza. Na "mtoto mzuri" haimwambii arudie nini. "Asante kwa kuniletea ndoo nilipokuita mara moja tu" inamwambia.

Ukiwa na wiki tatu au nne za mchezo, ndipo unafundishwa amri. Usiruke kufika hapa. Amri isiyo na uhusiano nyuma yake huishia kuwa kelele zilezile. Msogelee mpaka mkono wako unamfikia. Mwite jina. Toa amri moja, fupi, ya kufanya na si ya kuacha: "Weka sahani kwenye beseni", si "acha uzembe". Usiifanye swali, "utaweka sahani?" ina jibu la "hapana". Kisha nyamaza uhesabu moyoni mpaka 5. Sekunde hizi 5 ndizo ngumu kuliko yote, kwa sababu kinywa kinataka kurudia. Akitii, msifu palepale. Asipotii, onyo moja: "Usipoweka sahani utakaa kwenye kigoda." Hesabu tena 5. Halafu timiza.

Kigoda ni dakika 3, mahali pasipo na cha kuchezea, ambapo wewe unamwona. Katika chumba kimoja weka kigoda kwenye kona. Haihitaji nyumba kubwa. Kamwe usimfungie stoo, chooni au nje gizani. Usihutubie akiwa pale. Akimaliza na kutulia, amri ileile inarudi: weka sahani. Asiporudishiwa amri, atajifunza kwamba kigoda ni njia ya kukwepa kazi. Kwa mtoto wa miaka 9 na kuendelea, kumwondolea kitu kwa muda mfupi ni bora: tivii dakika 30, simu jioni moja. "Mwezi mzima hushiki simu" huvunjika siku ya tatu, na baada ya hapo neno lako halina uzito.

Kuhusu fimbo nitasema kwa kifupi ingawa najua linagusa. Fimbo hunyamazisha mara moja, na ndiyo maana humfundisha anayechapa aendelee kuchapa. Mtoto huzoea, kipimo hupanda, na anachojifunza ni kuficha. Mtoto ambaye tatizo lake ni kupiga wenzake anaonyeshwa kila jioni kwamba mwenye nguvu ndiye hupiga. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania kanuni bado zinaviruhusu kwa masharti, kwa hiyo mzazi mwenye mtoto kwenye tiba ana kazi ya ziada ya kuzungumza na mwalimu.

Kabla haijapoa huwaka

Dukani kwa Mangi, mtoto anataka pipi. Jana na juzi alilia dakika mbili akapewa. Leo umeamua hapewi. Analia dakika mbili, hakuna kitu. Analia tano. Anajitupa chini, anavua viatu, anakutukana mbele ya watu, na mama mmoja kwenye foleni anasema "mpe tu huyo mtoto jamani". Kelele zinaongezeka kwa sababu njia yake ya kawaida imegoma, kwa hiyo anaisukuma kwa nguvu zaidi. Ukimpa hapo, umemfundisha kwamba bei mpya ya pipi ni kujitupa chini na kutukana. Bora ungempa kwenye dakika ya kwanza.

Kwa hiyo chagua vita yako. Anza kupuuza nyumbani, kwa tabia moja, siku ambayo huna haraka. Puuza kulia, kunung'unika, kununa, maneno ya kejeli. Usipuuze kupiga, kucheza na moto, kukimbilia barabarani au kujidhuru. Hayo yanazuiwa palepale. Ukali wa kelele unaweza kudumu siku kadhaa kabla haujashuka, na familia nyingi huacha katikati yake zikisema tiba imemharibu zaidi.

Ugumu wa kwetu ni kwamba nyumba ina wakubwa wengi. Mama anapuuza, bibi anambembeleza kwa sukari guru, dada wa kazi anampa simu ili amalize kufua, baba anarudi Jumamosi na mkanda. Mtoto hahitaji kelele zimsaidie kila siku. Zikimsaidia mara moja kwa siku nne, ataendelea nazo kwa ukaidi zaidi kuliko kama zingemsaidia kila mara, kwa sababu hajui ipi ndiyo itakayofanikiwa. Ndiyo maana bibi aje kwenye kikao. Asitumiwe ujumbe, aje, asikilizwe kwanza, aulizwe yeye aliwaleaje wanawe, kisha apewe kazi inayolingana na heshima yake. Mara nyingi kazi ya kusifu inamfaa sana, na mtoto akisifiwa na bibi anavimba kichwa kwa wiki nzima.

Shule

Darasani kwenye watoto 80, usimwombe mwalimu mambo 10. Omba kadi. Karatasi ndogo yenye tabia 2 au 3 zilizoandikwa kwa namna ya kuonekana: "alikaa kwenye dawati", "alinyoosha mkono kabla ya kusema". Siku igawanywe sehemu tatu. Mwalimu anaweka vyema au sifuri na kusaini. Zawadi itolewe nyumbani jioni ileile: hadithi, dakika 20 za ziada nje, kuchagua mboga. Anzia pale alipo. Kama kwa sasa anapata vyema 3 kati ya 9, lengo la wiki ya kwanza liwe 4. Kosa la kawaida ni kudai 9 siku ya kwanza. Kufikia Jumatano kadi iko kwenye mtaro. Akiipoteza, ihesabiwe sifuri bila ugomvi. Na akae mbele, apewe kazi ya kufuta ubao au kugawa madaftari, ili miguu yake iwe na sababu halali ya kutembea.

Wakubwa, waliofiwa, na suala la dawa

Kuanzia miaka 8 hivi, mtoto mwenyewe anaweza kufundishwa: kutambua hasira ikianzia mwilini, kuondoka, kufikiria njia tatu kabla ya kuchagua moja. Tiba ya kumfundisha mtoto peke yake huwa dhaifu kuliko ikiambatana na ya mzazi. Kwa kijana wa miaka 14 anayetoroka na kuvuta bangi, tafuta anayefanya kazi na familia nzima.

Mtoto aliyefiwa au aliyeona ukatili anahitaji tiba ya kiwewe, hata kama kinachoonekana nje ni ujeuri. Hii haihitaji lazima daktari bingwa. Utafiti uliofanyika Moshi na Bungoma, ukachapishwa mwaka 2020, uliwapa watoto yatima wa miaka 7 hadi 13 vikao 12 vya kikundi, walezi wao wakiwa na vikao vyao sambamba, chini ya washauri wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Katika maeneo matatu kati ya manne, watoto hao walipata nafuu ya dalili za kiwewe kuliko waliopata huduma za kawaida. Kwa hiyo ukikutana na mshauri asiye na cheti kikubwa, uliza alifundishwa mpango gani na nani anamsimamia.

Dawa zina nafasi yake, nayo ni nyembamba. Ukaidi wenyewe hauna dawa yake. Kwa ADHD, methilfenideti husaidia wengi, lakini kwa mtoto wa miaka 4 hadi 6 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinaelekeza mafunzo ya mzazi yatangulie. Kabla hujaondoka na cheti cha dawa, uliza inalenga dalili ipi, itapimwaje baada ya wiki 4, madhara gani yafuatiliwe, na kama inapatikana mjini kwenu mwezi ujao. Uzito, urefu, shinikizo la damu na mapigo ya moyo vipimwe kwanza. Akiandikiwa risperidoni au haloperidoli, dawa za magonjwa makali ya akili, ili tu atulie darasani, omba maelezo, na usione haya kutafuta maoni ya daktari wa pili.

Baada ya kikao cha sita fungua daftari na mtaalamu wako. Kama namba haijasogea na kazi ya nyumbani mmeifanya, mpango ubadilishwe au tatizo lichunguzwe upya. Labda kuna masikio, usingizi au msiba ambao haujatajwa. Kama nauli inakushinda, sema mapema. Kikao kila wiki mbili na simu katikati ni bora kuliko kutoweka.

Tabia za zamani hurudi muhula ukifunguliwa, mdogo akizaliwa, mkihama au baba akisafiri. Zikirudi, ongeza mchezo wa dakika 5 kwa wiki mbili kabla ya kuongeza adhabu, rudisha daftari, na kagua ni mkubwa gani ndani ya nyumba ameanza kuachia. Zisiposhuka, omba kikao kimoja cha ukumbusho, na siku hiyo njoo na daftari la wiki hizo mbili.